Ratiba ya Mpiga Chapa

Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1706, aligawa saa 24 za siku katika ukurasa mmoja wa kijitabu chake. Ratiba ilimtaka aamke saa 11 alfajiri na kujiuliza atatenda jema gani siku hiyo. Kazi ilianza saa 2 asubuhi na kukoma saa 12 jioni, katikati yake saa za kula, kusoma na kukagua hesabu. Jioni alitakiwa kurudisha vitu mahali pake, kisha kujiuliza ametenda jema gani.

Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake, Franklin alikiri kwamba utaratibu ulimsumbua kuliko fadhila zote 13 alizojiwekea. Mpiga chapa aliyeajiriwa, aliona, aweza kuifuata ratiba. Mwenye kiwanda hawezi, kwa kuwa hana budi kuwapokea watu kwa saa zao. Lakini jitihada ile, ingawa haikumkamilisha, ilimfanya mtu bora na mwenye furaha zaidi.

Basi, ndugu, tuandike kazi zetu kila asubuhi. Lakini abishaye hodi hayumo katika orodha; tumwachie nafasi. Na jioni tusihesabu tu mistari tuliyoifuta, bali tujiulize swali la pili la Franklin.