Ushahidi wa Mlezi: Usonji, Dalili za Saikosisi na Suala la Badiliko

“Huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?” Swali hili halikosekani mtoto anapofikishwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mtoto mwenye usonji wa aina iliyojulikana kwa jina la Asperger aweza kulijibu “ndiyo” pasipo kusita, maana kweli anasikia: mvumo wa taa ya tyubu ambao wenzake hawaujali, redio ya nyumba ya tatu, au mawazo yake mwenyewe yanayopita kichwani yakiwa na maneno kamili. Huyapokea maswali kama yalivyotamkwa, bila kukisia nia ya muulizaji. Jibu lake likiingia kwenye faili bila maelezo, linageuka maruerue, na kutoka maruerue hadi skizofrenia si mbali. Makala haya yanatetea hoja kwamba kinachotenganisha usonji na saikosisi, yaani kupoteza uhalisia kama katika skizofrenia, kwa mtoto wa namna hii ni zaidi jinsi alivyobadilika kutoka hali yake ya kawaida, kuliko yale anayoyasema. Na kwa kuwa hali hiyo ya kawaida anaijua zaidi aliyemlea, malezi yenyewe ni sehemu ya uchunguzi wa kitabibu.

Mkanganyiko huu una historia. Daktari wa magonjwa ya akili Eugen Bleuler, katika kitabu chake cha 1911 kuhusu skizofrenia, alihesabu kujifungia katika ulimwengu wa ndani kuwa miongoni mwa dalili za msingi za ugonjwa huo. Leo Kanner wa Baltimore (1943) na Hans Asperger wa Vienna (1944) walilikopa jina alilokupa kujifungia huko, yaani usonji, ili kuwaeleza watoto ambao, kwa maoni yao, walikuwa na hali nyingine. Hata hivyo watoto hao waliendelea kwa miaka mingi kuitwa wagonjwa wa skizofrenia ya utotoni. Tafiti za Israel Kolvin na wenzake nchini Uingereza, zilizochapishwa 1971, ndizo zilizoonyesha kuwa makundi ni mawili: moja dalili zake huanza kabla ya miaka mitatu, jingine huanza miaka mingi baadaye, na maruerue ni ya hili la pili. Mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa magonjwa ya akili ukazitenga hali hizo 1980. Mwaka uliofuata daktari Lorna Wing akalipa uhai jina la Asperger, ambalo liliingia kwenye mwongozo huo 1994 na kuondolewa 2013, hali yenyewe ikihesabiwa sasa ndani ya wigo wa usonji. Utengano ule ulikuwa wa haki, ila ulizaa uvivu wa aina yake, yaani kudhani kwamba mwenye usonji hawezi kupatwa na skizofrenia. Timu ya Judith Rapoport, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ilifuatilia watoto ambao skizofrenia iliwaanza kabla ya miaka 13, ugonjwa ulio nadra mno katika umri huo, ikakuta kwamba robo yao au zaidi walikuwa na sifa za wigo wa usonji tangu awali. Basi haitoshi kumwambia mzazi, “Huo ni usonji tu.”

Haitoshi vilevile kuyapima maneno ya mtoto peke yake. Ian Kelleher na wenzake walipojumlisha tafiti za jamii mwaka 2012 walipata kiwango cha kati cha asilimia 17 ya watoto wa miaka 9 hadi 12 walioripoti dalili zinazofanana na za saikosisi, na asilimia 7.5 kwa wa miaka 13 hadi 18. Wengi wa hao hawatakuwa wagonjwa wa skizofrenia. Tumchukue mtoto wa miaka kumi na miwili anayeshikilia kwamba darasa zima linamfanyia njama. Mara nyingi ni kweli anachekwa. Asichoweza ni kutofautisha kicheko cha utani na cha dharau, hivyo anajitungia nadharia moja inayowaeleza wote. Akihamishwa dawati, au mwalimu akikomesha uonevu, nadharia hupungua nguvu. Mwingine anaanza na malalamiko hayohayo, kisha njama inawaingiza majirani asiowajua, usiku halali, haogi, na ratiba za treni alizozikariri tangu utotoni hazimsisimui tena. Kwangu mimi dalili hii ya mwisho ina uzito kuliko zote, ingawa fomu za kliniki huenda zisiiulize. Mtoto mwenye usonji kulitupa jambo alilolipenda kwa miaka si jambo dogo. Daftari la mama au bibi lenye maneno ya mtoto kama alivyoyasema, saa, kilichotangulia, usingizi na chakula, lina faida zaidi kuliko mahojiano ya nusu saa. Toleo la 2013 la mwongozo ule wa Marekani linaunga mkono mtazamo huu: mwenye usonji haongezewi utambuzi wa skizofrenia mpaka maruerue au imani potofu ziwe dhahiri na zidumu angalau mwezi, isipokuwa matibabu yamezikatiza mapema.

Watapinga wengine kwamba mzazi si shahidi wa kuaminika: ana hofu, ana aibu, na huenda naye ana tabia za mwanawe. Pingamizi hili lina ukweli, lakini lina historia mbaya pia. Bruno Bettelheim aliwatwika akina mama lawama ya usonji katika kitabu chake cha 1967, na wafuasi wake walipoteza miaka wakitibu kosa ambalo halikuwapo. Dawa ya upendeleo wa shahidi ni kumuuliza vizuri na kumlinganisha na mwalimu. Tena mlezi si shahidi tu: watafiti George Brown, James Birley na John Wing (mume wa Lorna, na binti yao alikuwa na usonji) walionyesha mwaka 1972 kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliorudi kwenye nyumba za lawama na ukali walizidiwa tena mara nyingi zaidi. Familia haikusababisha ugonjwa, ila hali ya nyumbani iliathiri mwenendo wake. Ndiyo maana kubishana na mtoto kuhusu sauti anazosikia hakufai, na kuzikubali hakufai pia. Inafaa kusema kwa sentensi fupi, “Mimi sizisikii, lakini naona zinakutisha,” kisha kupunguza kelele na wageni.

Pingamizi zito zaidi ni la ucheleweshaji, kwa kuwa saikosisi isiyotibiwa kwa muda mrefu huwa na matokeo mabaya. Lakini kufuatilia si kukaa kitako. Mtoto anayezungumzia kujiua, anayeganda kama sanamu na kuacha kula, au aliyechanganyikiwa ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo; Afrika Mashariki malaria kali na kifafa lazima vipimwe kabla ya lolote. Familia inayompeleka kwanza kwa mganga wa majini, na daktari anayeandika “skizofrenia” kwa ziara moja, hutenda kosa moja: wote hutoa jina kabla ya kuuliza mtoto alikuwaje mwezi uliopita.

Hata dawa haimalizi ubishi. Risperidoni, dawa inayotumiwa kutibu skizofrenia, iliidhinishwa pia Marekani mwaka 2006 kwa hasira na ukali wa watoto wenye usonji wa miaka 5 hadi 16, hata wasipokuwa na saikosisi yoyote. Mtoto akitulia baada ya kuimeza, utulivu huo hauthibitishi kwamba alikuwa na skizofrenia. Kabla ya kuianza, mzazi ana haki ya kuuliza ni dalili ipi hasa inayolengwa, itapimwaje, na lini itaamuliwa kuiacha, kwani inanenepesha na kuleta usingizi, na daftari lililotumika kuandika sauti litafaa kuandikia uzito.