Nani Aliwaita Wageni? Kazi na Majirani Katika Historia Yetu



Leo tuongee juu ya kazi. Mara nyingi ugomvi wetu unaanza na neno moja: "Wageni wamekula kazi yetu." Kabla ya kulirudia, tuulize historia: ni nani aliyewaita hao wageni?

Tuanze Katanga. Kampuni ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa. Lakini watu wa kutumika walikosekana. Wenyeji wengi waliona afadhali kuuza chakula wapate franka za kodi, kuliko kwenda migodini ambako magonjwa yaliua watu. Basi Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, ikaandikisha vijana wa mbali: Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Rwanda na Burundi. Machifu walisukumwa watoe watu. Wengi hawakuja kwa kupenda kwao.

Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na Ilebo, na watu wa Kasai wakaifuata. Aliyesoma misheni alipewa kalamu, asiyesoma alipewa sururu. Katika miaka hiyo kampuni ilibadili desturi: mkataba wa miaka 3, nyumba, posho, hospitali, shule. Mtoto alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, akakua huko, na bado akaitwa mtu wa Kasai.

Kivu kazi ilikuwa na sura nyingine. Huko ilikuwa mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini, na mshahara ulikuwa mdogo. Mbali na wasemaji wa Kinyarwanda waliokuwako tangu zamani, serikali ya Wabelgiji ilianza mwaka 1937 kuhamisha familia kutoka Rwanda hadi Masisi. Ardhi yao ilikatwa katika uchifu wa Wahunde. Aliyeamua ni serikali. Waliobaki na ugomvi ni majirani.

Kwa hiyo mnaona, si damu ya kabila iliyomfanya mmoja karani na mwingine mchimbaji. Ilikuwa reli, shule na ofisi ya kuandikisha. Tena watu hao walijua kusimama pamoja. Desemba 1941 wafanyakazi wa makabila mbalimbali waligoma kudai mshahara, na askari wakawapiga risasi huko Elisabethville.

Sasa tufike kwenye uchungu. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mashine zilichakaa, fedha za kuzitengeneza zikaliwa na wakubwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50,000. Katikati ya miaka hiyo, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Familia zililala miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi, na watoto walikufa hapo.

Je, kazi zilirudi kwa wenyeji? Hazikurudi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini, baada ya kukaa muda mrefu bila mshahara. Jirani alikuwa amekwenda, na kazi nayo ilikuwa imekwenda.

Ninyi mnaokaa kambini, au kwa jamaa waliowapokea, mnajua jinsi maneno haya yanavyoanza. Bei ya kibarua cha shamba inashuka. Mwenyeji anamlaumu mkimbizi, na mkimbizi anamlaumu mwenyeji. Aliyepunguza bei hatajwi.

Viongozi, kazi ya barabara ikitokea, someni majina mbele ya watu wote, wenyeji na waliohama. Semeni wazi mshahara ni kiasi gani na nani ameupanga. Mkificha orodha, mnapanda fitina.

Na ninyi wazazi, jioni hii waambieni watoto: babu yetu alifika wapi kwa ajili ya kazi, na nani alimwandikisha? Kisha mwalikeni jirani naye aeleze habari za babu yake.

Kaeni na amani.