Utafiti wa mwanafunzi hufaa pale swali linapokuwa lake

KATIKA karatasi ya pili ya Jiografia ya mtihani wa KCSE, watahiniwa huulizwa kuhusu utafiti wa nyanjani: jinsi ya kujiandaa, njia za kukusanya data, matatizo yanayoweza kumkumba mtafiti. Swali hilo lilikusudiwa kumtoa mwanafunzi darasani. Hata hivyo, mtahiniwa aliyekariri majibu anaweza kulijibu vyema bila kuwahi kuvuka lango la shule.

Pengo lililopo kati ya kufanya utafiti na kueleza utafiti ambao haukufanywa limekuwa suala nyeti zaidi tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na shule za sekondari ya juu. Mfumo wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mnamo 2019, unataja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wake 7 wa kimsingi. Fauka ya hayo, Mafunzo ya Huduma kwa Jamii ni somo la lazima katika mikondo yote 3, yaani Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Somo hilo humtaka mwanafunzi atambue tatizo katika jamii yake, alichunguze na kupendekeza suluhu.

Miradi si jambo geni katika elimu ya Kenya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027, masomo ya Kilimo na Kompyuta yamekuwa na karatasi ya mradi. Aidha, yapo mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za upili, yaliyojulikana zamani kama Kongamano la Sayansi. Humo waamuzi hukagua ripoti iliyoandikwa, maelezo ya mdomo na fikra ya kisayansi. Tofauti ni kwamba mashindano hayo huwafikia wachache, na miradi ya mtihani hutolewa na Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) pamoja na maagizo yake. Mwanafunzi hutekeleza swali la mtu mwingine.

Utafiti huru ni upi?

Utafiti huwa huru mwanafunzi anapochagua swali mwenyewe, akapanga namna ya kulijibu, akakusanya ushahidi na kufikia hitimisho analoweza kulitetea. Uhuru huo haumwondoi mwalimu. Yeye ndiye anayeuliza: umejuaje? Je, kuna sababu nyingine inayoweza kuleta matokeo hayo hayo? Ni jambo gani likionekana litakuonyesha kwamba umekosea?

Swali la mwisho ndilo kiini cha uwazaji kina. Mtu aliye tayari kuona ushahidi wa upande mmoja pekee hatafiti; anatafuta mashahidi wa kuunga mkono hukumu aliyokwisha kuitoa.

Historia ya Ukambani ina mfano mchungu wa hukumu ya namna hiyo. Katika miaka ya 1930, maafisa wa serikali ya kikoloni waliona makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko wa udongo wilayani Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Walihitimisha kwamba Wakamba walikuwa na mifugo kupita kiasi. Mnamo 1938 ng'ombe walianza kutwaliwa kwa nguvu na kuuzwa. Maelfu ya wananchi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Serikali ililegeza msimamo wake, lakini Mbingu alihamishiwa Lamu.

Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Kilichokosekana ni kuuliza kama idadi ya mifugo ndiyo iliyokuwa sababu pekee, na kama wenyeji wangeweza kuutibu udongo huo wenyewe. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi kwenye suala hilo, na mnamo 1994 walichapisha kitabu kilicholinganisha takwimu na picha za zamani na hali ya ardhi ya wakati wao. Waligundua kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara 5, ilhali mmomonyoko ulipungua. Wakulima walikuwa wamechimba matuta, yakiwemo yale ya "fanya juu", jina la Kiswahili ambalo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi.

Mjadala haukuishia hapo. Wasomi waliofuata walihoji kama manufaa hayo yalizifikia familia maskini sawa na zile zilizokuwa na kipato cha mjini. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga mbele: jibu la jana huwa swali la leo.

Mfano wa Kalamba

Shule isiyo na maabara ya kisasa huenda ikadhani kwamba utafiti si wa kiwango chake. Mazingira ya Kalamba, katika eneo la Nzaui, Kaunti ya Makueni, yanaonyesha vinginevyo. Hapa pana kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe, kilichozinduliwa mwaka wa 2017, na pembezoni mwake kuna wakulima ambao karo ya watoto wao hutegemea zao hilo.

Adui mkubwa wa zao hilo ni nzi wa matunda. Aina moja kali ya nzi hao, yenye asili ya Bara Asia, iligunduliwa nchini Kenya mnamo 2003. Kufikia 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya wadudu hao, na mauzo hayakurejea hadi 2021.

Tuseme wanafunzi wawili wanataka kujua iwapo kuokota na kufukia maembe yaliyodondoka hupunguza nzi. Swali hilo lina msingi. Nzi jike hutaga mayai ndani ya ngozi ya tunda, mabuu hula nyama yake, kisha huingia udongoni kukamilisha mabadiliko yao. Embe linaloozea chini ya mti ni kitalu cha nzi wa kesho.

Wanafunzi hao huchagua miti 10 ambayo maembe yake huokotwa kila siku na kufukiwa shimoni, na mingine 10 isiyoshughulikiwa. Hapa mwalimu huingilia kati: je, miti yote ni ya aina moja? Ikiwa upande mmoja ni Apple na mwingine ni Ngowe, tofauti itakayoonekana huenda ikatokana na aina ya embe. Je, ipo miti iliyonyunyiziwa dawa? Mwenye shamba ameombwa ruhusa?

Baada ya wiki kadhaa, wao huchuma idadi sawa ya maembe kutoka kila upande na kuyaweka ndani ya ndoo zenye mchanga mkavu zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi. Mabuu yanapotoka na kujificha mchangani, huchekechwa na kuhesabiwa. Vifaa vinavyohitajika ni ndoo, chekecheke, kitambaa, daftari na subira.

Je, matokeo yakiwa sawa pande zote mbili? Mwanafunzi aliyezoea kutafuta alama atashawishika kubadilisha takwimu. Aliyefunzwa kuwaza atajiuliza kwa nini. Huenda akatambua kwamba nzi hajui mpaka wa shamba: hata miti 10 ikisafishwa, wadudu watatoka kwa jirani. Swali lake jipya litakuwa kama wakulima wa kijiji kizima hawana budi kufukia maembe kwa pamoja. Fikra hiyo ya udhibiti wa pamoja ndiyo iliyotumika katika sehemu za Makueni kulirejesha soko la Ulaya. Mradi ulioonekana kushindwa umemfikisha mwanafunzi mahali walipofika wataalamu.

Alama zitolewe kwa lipi?

Mfano huo unaonyesha udhaifu wa kutuza bidhaa ya mwisho pekee. Endapo alama zitategemea bango maridadi na hitimisho la kupendeza, mzazi mwenye uwezo atalipa mtu wa kulitengeneza, na mtoto wa mkulima atabaki nyuma. Malalamiko kwamba wazazi hufanya kazi za watoto wao yamesikika tangu mfumo wa umilisi uanze. Siku hizi ripoti nzima inaweza pia kunakiliwa kutoka mtandaoni au kuandikwa na programu ya akili unde kwa dakika chache.

Kinga iliyo bora ni kutathmini safari yenyewe. Daftari la kila siku, lenye tarehe, hesabu, makosa yaliyofutwa kwa mstari na sababu za kubadilisha mpango, ni vigumu kughushi. Mahojiano mafupi ya ana kwa ana humfichua mara moja asiyejua takwimu zake zilitoka wapi. Aidha, swali linalohusu shamba, kisima au soko linalojulikana na mwalimu halina jibu tayari katika intaneti.

Mambo hayo yanahitaji muda, na muda ni haba kwa mwalimu mwenye darasa kubwa. Shule inaweza kuwapanga wanafunzi wawili wawili, kuanza na maswali madogo yanayojibika kwa muhula mmoja, na kuwahusisha maafisa wa kilimo, wahudumu wa afya na wazee wa mtaa kama wasikilizaji wa ripoti. Mkulima aliyetoa miti yake ana haki ya kusikia kilichopatikana, na maswali yake huenda yakawa makali kuliko ya mtahini.

Wengi wa wanafunzi hawa hawatakuwa wanasayansi. Watakuwa wakulima, wafanyabiashara, wazazi na wapigakura, watakaouziwa dawa ya mimea isiyofaa na kuelezwa takwimu na wanasiasa majukwaani. Atakayewafaa siku hiyo ni yule mwalimu aliyewazoesha kuuliza: umejuaje?