Mti wa Krismasi wa Nora

Tarehe 21 Desemba 1879, Krismasi ikiwa mlangoni, watazamaji wa Jumba la Michezo la Kifalme mjini Copenhagen walimwona Betty Hennings, aliyeigiza Nora, akiingia jukwaani na vifurushi tele, akifuatwa na mchukuzi aliyebeba mti wa Krismasi. Ndivyo inavyoanza tamthilia ya Henrik Ibsen, Nyumba ya Mwanasesere. Maneno ya kwanza ya Nora ni agizo kwa mtumishi: mti ufichwe vizuri, watoto wasiuone hadi jioni utakapokuwa umepambwa.

Desturi ya kupamba mti ilitoka Ujerumani na kuenea Norway, nchi ya Ibsen, katika karne ya 19. Kwa watu wa mjini, mti uliopambwa ulionyesha nyumba yenye heri. Ibsen akautwika siri.

Nora alikuwa amekopa daler 1,200 kwa kughushi sahihi ya baba yake, ili mumewe Torvald, aliyekuwa mgonjwa, akapone Italia. Torvald hajui. Anachokumbuka ni kwamba kabla ya Krismasi iliyopita mkewe alijifungia kila jioni kwa wiki 3, hadi baada ya saa sita usiku, akitengeneza maua ya mti, na mwishowe kilichoonekana kilikuwa haba tu. Nora anasema paka aliyararua yote. Muda si mrefu anamfungulia moyo rafiki yake Kristine: majira yale ya baridi alipata kazi ya kunakili maandishi, akawa anajifungia na kuandika hadi usiku mwingi ili alipe deni. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Ibsen. Mke ambaye mumewe humwita kindi na ndege mdogo alikuwa akivuja jasho kama mfanyakazi yeyote, na maua ya mti ndiyo yaliyomsitiri.

Krogstad, aliyemkopesha, anapotishia kumfichua, Nora anarudi kwenye mti: mshumaa huku, maua kule, huku akiahidi kumwimbia na kumchezea mumewe. Sehemu ya pili inapofunguliwa, mti uko pembeni karibu na piano, umepukutika mapambo, umechakaa, mishumaa imebaki vipande. Kabla Nora hajafumbua kinywa, mtazamaji ameshaijua hali yake.

Ni rahisi kuuona mti huo kama anguko la Nora tu. Mimi naona pia mwanzo wa kuvuliwa yale aliyopambwa nayo tangu kwa baba yake. Katika sehemu ya tatu Ibsen hautaji tena mti. Nora anarudi kutoka dansini amevaa vazi la Kiitaliano alilochaguliwa na mumewe, na siri inapofichuka anakwenda kulivua mwenyewe. Anatoka chumbani na gauni la kila siku, kisha anamketisha Torvald mezani kwa mazungumzo yao ya kwanza ya dhati katika miaka 8 ya ndoa.