Nani Mwenye Neno katika Lugha ya Wavuti? Habari za HTML, 1994–2019

Kanuni haipati nguvu kwa kuandikwa tu. Huipata pale watumiaji wake wanapokubali kuifuata. Jambo hili ladhihirika katika habari za HTML, lugha ya alama ambayo kwayo kurasa za wavuti huandikwa. Kwa muda wa miaka 15 watengenezaji wa tovuti walikuwa na makundi mawili yenye kuwaelekeza, na ilikuwa juu yao kuamua wafuate lipi.

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, mwaka 1989. Mwaka 1994 aliunda baraza la W3C ili kulinda umoja wa kanuni zake, kwa kuwa kila mtengenezaji wa kivinjari aliweza kujiongezea alama zake mwenyewe. Baraza hilo halikuwa na mamlaka ya serikali. Hata hati zake za mwisho ziliitwa mapendekezo.

HTML 4.01 ilitoka Desemba 1999. Lakini baraza lilikuwa limekwisha kuchagua njia nyingine, yaani kuisuka lugha hiyo upya kwa sheria kali za XML, ndipo XHTML 1.0 ikatoka Januari 2000. Tofauti haikuwa ndogo. Katika HTML, mwandishi akisahau kufunga alama, kivinjari hukisia nia yake na kuonyesha ukurasa; katika XML kosa moja latosha kuuzuia. Watengenezaji wengi waliifuata XHTML kwa kuamini kuwa ndiyo lugha safi. Hata hivyo Internet Explorer, kivinjari kilichoenea kuliko vyote siku zile, hakikuweza kusoma XHTML iliyopelekwa kama XML mpaka toleo la 9 la mwaka 2011. Kwa hiyo kurasa nyingi zilivaa kanzu ya XHTML, ilhali vivinjari vilizisoma kama HTML ile ile ya zamani.

Rasimu ya XHTML 2 ya mwaka 2002 ilikwenda mbali zaidi, kwani haikukusudiwa kupatana na kurasa zilizotangulia. Mwezi Juni 2004, katika mkutano wa W3C huko San Jose, Mozilla na Opera walitoa shauri kwamba HTML iendelezwe; wengi wakalikataa. Baada ya siku chache Apple, Mozilla na Opera walitangaza kundi lao, WHATWG. Hoja yao ilikuwa kwamba kurasa zilizokwisha kuandikwa haziwezi kuandikwa upya zote. Basi yafaa kanuni ieleze hata namna ya kusoma ukurasa wenye makosa, ili vivinjari vyote vikisie kwa njia moja.

Mwaka 2006 Berners-Lee alikiri kwamba jaribio la kuwahamisha watu wote kwenda XML kwa mara moja halikufaulu. Mwaka 2007 W3C ilikubali kazi ya WHATWG iwe msingi, na mwaka 2009 ikatangaza kuiacha XHTML 2. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Tangu 2011 WHATWG iliacha kutaja matoleo kwa namba, ikawa yarekebisha hati yake siku zote. W3C ikatoa HTML5 mwaka 2014 na matoleo mengine baadaye, na hati hizo mbili zikaanza kuachana. Tarehe 28 Mei 2019 pande zote zilipatana kwamba hati iwe moja, nayo ikae mikononi mwa WHATWG.

Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliweza kusanifisha Kiswahili kwa kuwa vitabu vya shule vilihitaji ithibati yake. W3C haikuwa na shule. Shule ya wavuti ilikuwa kivinjari, na wenye vivinjari ndio walioshinda. Tangu 2017 WHATWG yaongozwa na Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Misingi ya usanifu wa HTML, iliyotolewa mwaka 2007, yaagiza kwamba maslahi yakigongana, atangulie mtumiaji, afuate mwandishi wa ukurasa, kisha mtengenezaji wa kivinjari, kisha mwandika kanuni, na usafi wa nadharia uwe mwisho. Mzozo wa hati mbili umekwisha, lakini kalamu imeshikwa na yule aliyewekwa wa tatu.