Fonti nene ya "Kiafrika" ilitoka Ujerumani: ijue kabla uipige kwa posta yako

Unaijua hata kama hujawahi sikia jina lake. Herufi nene, kona kama zimekatwa na panga, zote kubwa. Cheki logo ya Jurassic Park ya 1993. Cheki majalada kibao ya vitabu kuhusu Afrika, na mabango ya safari. Inaitwa Neuland, na msee aliyeitengeneza hakuwa wa huku: Rudolf Koch, Mjerumani, aliitoa 1923 na kiwanda cha herufi cha Klingspor, mji wa Offenbach.

Inakaa ya mkono kwa sababu ilikuwa ya mkono kweli. Koch hakuanza na mchoro kwa karatasi, alikata herufi moja kwa moja kwa chuma, saizi baada ya saizi. Kwa hivyo kwenye chapa za zamani, A ya saizi kubwa si pacha wa A ya saizi ndogo. Hii ya kompyuta ni fotokopi tu. Andika BANDARI uone: A mbili, sura moja.

Sasa njoo Mbwajumali, kisiwani Pate. Jina la boti likipigwa kwa brashi pale omoni, fundi anabana au kupanua herufi kulingana na ubao, na A mbili hazifanani hata ukimlipa. Unene hapo si swag. Jina linafaa lisomwe boti ikiwa bado mbali.

Na kama unataka herufi ya kuonyesha "kwetu", maze, Koch siye. Hapo Siyu, kisiwa hicho hicho, watu walikuwa wananakili Qur'ani kwa mkono karne ya 18 na 19, kwa herufi za Kiarabu. Hiyo ndio asili ya huku.

Bado fonti nene ina kazi yake. Ipe maneno mawili matatu, makubwa: jina la timu, jina la boti, kichwa cha posta. Neuland haina herufi ndogo, so ukiandika aya nzima ni kama unapigia watu kelele. Tena ukiipunguza, vile vitundu vya ndani ya A na R vinazibika, unabaki na madoa.

Mimi hilo nililijua vibaya. Binamu yangu aliniomba posta ya safari ya boti kwenda Lamu, nikajaza fonti nene kila mahali, mpaka saa ya kuondoka. Kwa simu, saa 3 ikasomeka saa 8. Abiria wawili wakafika gatini boti ishaenda, na hakuna vile ingewangoja: maji yakipwa, kupita Mkanda ni noma. Nauli nilirudisha mimi. Siku hizi saa na bei naziweka kwa fonti nyembamba ya kawaida, halafu natumia simu ya mzee mwenye macho mabovu kuhakikisha.