Hiyo bagipaipu ya Scotland ni mpingo, wasee

Ukisikia bagipaipu unaona nini? Wanaume wa sketi za drafti, milima, ukungu. Scotland tupu. Sasa hebu tuangalie zile za zamani, zenye wapenzi wa vitu vya kale wanazisaka mpaka leo.

Kwanza mafundi wapewe heshima yao. Peter Henderson na R. G. Lawrie wa Glasgow, Duncan MacDougall wa Aberfeldy: hao karne ya 19 walikuwa moto. Mbao ilikaushwa miaka, maana ukiikereza ikiwa mbichi itapasuka. Halafu inatobolewa katikati, shimo jembamba, limenyooka. Ukikosea kidogo tu, sauti imeenda. Bomba tatu zinavuma bila kukoma, filimbi moja inabeba wimbo, mfuko unashika pumzi.

Lakini mbao gani? Mwanzoni walitumia miti ya kwao. Kisha meli zikaanza kuleta miti migumu ya Karibi, na kuelekea mwisho wa karne hiyo ukaingia mpingo wa Afrika. Ndiyo, mpingo huu huu wa Tanzania na Msumbiji, ambao Wakamba huchonga vinyago. Mti wa kukomaa kwa miaka 70 na zaidi, mzito hadi unazama majini. Na zile pete nyeupe kwenye maungio? Nyingi ni pembe za ndovu.

Fundi akimaliza, anagonga muhuri wa jina lake. Hapo ndipo mimi hukwama. Aliyekata mti hana muhuri. Aliyebeba pembe begani hana muhuri. Ndovu ndio usiseme.

Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989. Mwaka 2014, vijana wawili Wamarekani wakitoka Kanada walinyang'anywa bagipaipu zao mpakani juu ya pembe hizo, wakarudishiwa baadaye. Yaani zaidi ya miaka mia, ndio mtu anauliza hii kitu ilitoka wapi.

Sisemi tuwachukie mafundi. Mpingo peke yake haulii, ujuzi ndio uliupa sauti. Na huku mambo yameanza kusonga: mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, Tanzania, vilipata cheti cha FSC cha misitu wanayoisimamia wenyewe, mpingo ukiwemo. Angalau mwenye msitu analipwa. Lakini bado mti ukiondoka kama gogo, muhuri utagongwa kwingine.

Unajua fundi wa huku anayekereza mpingo ukatoa muziki? Mtaje hapo chini. Kwa jina.